Mafuta mengi ya kirikuu huishia kwenye breki

KILA Jumatano ya kwanza ya mwezi, madereva wa magari madogo ya mizigo jijini Dar es Salaam huwa na swali moja: mafuta yamefika bei gani? Siku hiyo ndipo Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) inapotangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa, na tangazo hilo huamua dereva atarudi nyumbani na kiasi gani mfukoni.

Tangu EWURA ilipoanza kutangaza bei hizo mwaka 2009, petroli imepanda na kushuka mara nyingi. Mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kuvuruga soko la dunia, lita moja ilivuka Sh3,000 jijini Dar es Salaam, na Serikali ikalazimika kutoa ruzuku ya Sh100 bilioni kwa mwezi wa Juni mwaka huo ili kupunguza makali.

Bei ya pampu haimo mikononi mwa dereva. Hata hivyo, idadi ya lita ambazo gari lake linakunywa kwa siku imo miguuni mwake, kwa maana ya mguu unaokanyaga eksileta na ule ule unaohamia kwenye breki.

Makala haya yanaeleza jinsi tabia za uendeshaji zinavyoongeza au kupunguza mafuta katika gari dogo la mizigo, iwe ni pikapu ya kawaida au Suzuki Carry, gari ambalo Watanzania wamelibatiza jina la kirikuu. Yanaeleza pia kwa nini baadhi ya mbinu zinazosifiwa vijiweni hazimwokoi dereva hata shilingi moja, na nyingine zinaweza kumtoa uhai.

Nani hasa anayelipa?

Katika biashara ya kirikuu, utaratibu uliozoeleka ni ule wa hesabu. Mmiliki humkabidhi dereva gari, nao hukubaliana kiasi ambacho dereva atawasilisha kila jioni. Mafuta hununuliwa kutokana na mapato ya siku hiyo hiyo, na kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho cha dereva na utingo wake.

Kwa utaratibu huo, lita moja inayopotea bure haimgusi mmiliki. Inachotwa moja kwa moja kwenye ugali wa dereva.

Tuchukue mfano wa gari linalotembea kilometa 80 kwa siku, na kwa urahisi wa hesabu tuseme petroli ni Sh3,000 kwa lita. Gari hilo likienda kilometa 12 kwa lita, litahitaji lita 6.7 kwa siku. Likienda kilometa 15 kwa lita, litahitaji lita 5.3 tu.

Tofauti ni lita moja na theluthi, yaani Sh4,000 kwa siku. Kwa mwezi wenye siku 26 za kazi, fedha hiyo inafika Sh104,000. Kwa familia nyingi za mjini hiyo ni kodi ya chumba, au ada na sare za mtoto mmoja.

Tofauti ya namna hiyo si ya kufikirika. Idara ya Nishati ya Marekani, katika ushauri wake kwa madereva, inaeleza kuwa uendeshaji wa pupa, yaani kuondoka kwa kasi, kukimbiza gari na kufunga breki ghafla, unaweza kupunguza umbali ambao gari linakwenda kwa kila lita kwa asilimia 10 hadi 40 kwenye foleni za mjini, na kwa asilimia 15 hadi 30 kwenye mwendo wa barabara kuu.

Katika mfano wetu, kushuka kutoka kilometa 15 hadi 12 kwa lita ni upungufu wa asilimia 20. Ni kiwango cha kawaida kabisa kwa dereva mwenye pupa.

Gari lililoumbwa kwa mzigo mdogo

Kabla ya kuzungumzia mguu wa dereva, ni vema kulifahamu gari lenyewe. Suzuki Carry nyingi zinazoletwa nchini zikiwa zimetumika Japani ni za daraja ambalo Wajapani huliita kei, daraja la magari madogo kabisa yanayopewa nafuu ya kodi nchini humo.

Ili gari liingie katika daraja hilo ni lazima litimize masharti. Injini haitakiwi kuzidi ujazo wa sentimita za ujazo 660, kiwango kilichowekwa mwaka 1990. Tangu mwaka 1998 urefu wa gari hautakiwi kuzidi meta 3.4, na upana meta 1.48. Mzigo wa juu unaoruhusiwa ni kilo 350.

Kilo 350 ni mifuko saba ya saruji. Mkazi yeyote wa jiji aliyewahi kupita Buguruni au Mabibo anajua kwamba kirikuu yenye mifuko saba huonekana kama tupu.

Injini ndogo namna hiyo hufanya kazi kwa kuzunguka haraka. Inapobeba mzigo uliozidi, dereva hulazimika kuikanyaga zaidi na kukaa muda mrefu zaidi kwenye gia za chini, na kila mzunguko wa injini ni tone jingine la mafuta. Ndiyo maana makosa madogo ya dereva huonekana upesi katika gari hili kuliko katika pikapu yenye injini ya lita mbili au tatu.

Joto linalopotea hewani

Petroli ni nishati iliyofungwa ndani ya kimiminika. Injini inapoichoma, sehemu kubwa hupotea kama joto kupitia rejeta na bomba la moshi. Sehemu inayobaki, ambayo katika uendeshaji wa mjini aghalabu ni kama moja ya tano, ndiyo inayolisukuma gari.

Gari linapokuwa katika mwendo, nishati hiyo huwa imehifadhiwa ndani ya mwendo wenyewe. Dereva akiondoa mguu kwenye eksileta mapema, gari huendelea kusogea kwa nishati ambayo tayari ameilipia. Akifunga breki, nishati hiyo hugeuka joto kwenye diski na ngoma za breki, kisha hupotea hewani. Hakuna namna ya kuirudisha kwenye tanki.

Jambo ambalo madereva wengi hawalijui ni kwamba nishati ya mwendo huongezeka kwa mraba wa kasi. Gari linalotoka kilometa 40 kwa saa na kufika 60 limeongeza kasi kwa nusu tu, lakini nishati yake imeongezeka zaidi ya mara mbili.

Kwa makadirio, kirikuu yenye uzito wa tani moja pamoja na mzigo wake hutumia kama mililita 22 za petroli kupata kasi ya kilometa 60 kwa saa kutoka kusimama. Hicho ni kiasi cha kijiko kikubwa kimoja na nusu. Ili kufika kilometa 40 kwa saa, gari hilo hilo hutumia kama mililita 10, ambazo hazijazi hata kijiko kimoja.

Sasa tumfikirie dereva anayetoka Mbezi kwenda Kariakoo, kisha Temeke, kisha Tegeta. Kwa siku nzima anaweza kuondoka na kusimama mara 100. Akifika 60 kila mara kisha akafunga breki, amemwaga lita 2.2 kwenye breki. Akiishia 40, amemwaga lita moja. Haba na haba hujaza kibaba, na katika habari hii kibaba hicho kina thamani ya Sh3,600.

Breki zenyewe nazo zina gharama. Dereva anayezikanyaga kila baada ya meta 50 hubadilisha pedi na bitana mara nyingi zaidi, na tairi zake huisha mapema.

Kutazama mbali

Dawa ya tatizo hili haihitaji kununua kifaa chochote. Inaanzia machoni. Dereva mwenye uzoefu hatazami bampa ya gari lililo mbele yake pekee. Hutazama magari matatu au manne mbele, taa za makutano, kituo cha daladala na tuta linalofuata.

Ukiona taa ni nyekundu meta 200 mbele, hakuna faida ya kukimbilia kwenda kusimama. Ondoa mguu kwenye eksileta, acha gari lipungue lenyewe likiwa ndani ya gia, na mara nyingi taa itageuka kijani kabla hujafika. Gari ambalo bado linasogea, hata kwa mwendo wa kilometa 15 kwa saa, huhitaji mafuta kidogo kurejea kwenye kasi kuliko lililosimama kabisa.

Ili kuweza kufanya hivyo, unahitaji nafasi mbele yako. Njia rahisi ya kuipima ni kuchagua nguzo au mti kando ya barabara: gari la mbele likiipita, hesabu sekunde tatu kabla wewe hujaifikia.

Madereva wengi watajibu kwamba ukiacha nafasi Dar es Salaam, wenzako watachomekea. Ni kweli, watachomekea. Lakini kila anayechomeka anakugharimu meta chache tu, ilhali kumbana aliye mbele ili asipatikane wa kuchomeka kunakulazimisha kukanyaga eksileta na breki safari nzima. Kwenye makutano yanayofuata, wewe na aliyekuchomekea mtakutana mkisubiri taa ile ile.

Kwenye foleni inayotambaa, acha gari la mbele lisogee meta kadhaa, kisha ondoka polepole kwa gia ya kwanza na uendelee kwa mwendo mmoja. Kusogea meta mbili, kusimama, na kusogea tena meta mbili huchosha klachi, huchosha dereva na humaliza mafuta.

Gia na sauti ya injini

Katika gari la gia za mkono, mafuta mengi hupotea kwa dereva kuchelewa kubadilisha gia. Injini hulia gia ya pili wakati gari lingeweza kwenda kwa utulivu kwenye gia ya tatu. Kwa kasi ile ile, injini inayozunguka polepole hutumia mafuta machache zaidi kwa sababu hupoteza nguvu kidogo katika msuguano wake yenyewe.

Hata hivyo, kuna mpaka. Kirikuu iliyojaa mzigo ikilazimishwa gia kubwa kwenye kilima, injini hutetemeka na kugonga, na dereva hujikuta anakanyaga eksileta hadi chini bila gari kupata nguvu. Hapo hakuna kilichookolewa, na vyuma vya ndani vinaumia.

Kanuni nyepesi ni kusikiliza. Sauti ikipanda na kuwa ya kulalamika, panda gia. Ikiwa nzito na gari linatikisika, shuka gia. Ukiwa na mzigo, shuka gia kabla ya kuanza kupanda kilima, usisubiri gari lishindwe katikati.

Kwa wenye pikapu za dizeli, jicho linasaidia kuliko sikio. Moshi mweusi unaotoka nyuma wakati wa kukanyaga ni mafuta ambayo hayakuungua vizuri. Dereva akiona wingu jeusi kwenye kioo cha nyuma kila anapoondoka, aelewe kwamba anaiona fedha yake ikipaa. Ama anakanyaga kupita kiasi, ama chujio la hewa limeziba au nozeli zinahitaji kuangaliwa.

'Frii' haiokoi mafuta

Mbinu inayosifiwa kuliko zote miongoni mwa madereva wa mizigo ni kuweka gari gia huru, au 'frii', kwenye mteremko. Wengine huenda mbali zaidi na kuzima injini kabisa. Hoja yao ni kwamba gari linashuka kwa uzito wake, kwa hiyo hakuna haja ya kuchoma mafuta.

Hoja hiyo ilikuwa na chembe ya ukweli enzi za kabureta. Katika gari la kabureta, injini iliendelea kufyonza mafuta hata dereva alipoondoa mguu kwenye eksileta.

Magari mengi yaliyopo barabarani sasa hayatumii kabureta. Kompyuta ndogo ndiyo inayoamua ni kiasi gani cha mafuta kinyunyizwe ndani ya injini. Gari likiwa ndani ya gia huku mguu umeondolewa kwenye eksileta, kompyuta hiyo hutambua kwamba magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na hukata mafuta kabisa hadi mzunguko ushuke karibu na ule wa gari kusimama.

Dereva anapoweka 'frii', uhusiano kati ya magurudumu na injini hukatika. Sasa injini inalazimika kujizungusha yenyewe ili isizime, na kwa hilo inahitaji mafuta. Kwa maneno mengine, kwenye mteremko, dereva aliyeweka gia anatumia mafuta sifuri, wakati mwenzake aliyeweka 'frii' kwa lengo la kubana matumizi anaendelea kuyachoma.

Hiyo ni sehemu ndogo ya hasara. Hasara kubwa ni usalama. Gia hulishikilia gari lisiongeze kasi. Ikiondolewa, kazi yote hubebwa na breki, ambazo zikipata joto kupita kiasi huanza kupoteza uwezo wa kushika. Dereva hukanyaga, gari haliitiki.

Kuzima injini ni hatari zaidi. Katika magari mengi, msaada unaolainisha breki hutegemea injini inayozunguka. Injini ikizimwa, msaada huo humalizika baada ya kukanyaga mara chache na pedali huwa ngumu kama jiwe. Usukani wenye msaada nao huwa mzito, na ufunguo ukizungushwa hadi mwisho usukani unaweza kujifunga.

Anayefahamu miteremko ya Kitonga mkoani Iringa, Sekenke mkoani Singida au ile ya kuingilia Jiji la Mbeya hahitaji kuelezwa maana ya gari lenye mzigo kukosa breki. Kanuni ya kushuka ni ile ile waliyoishika madereva wazee: shuka kwa gia ambayo ungeitumia kupanda mlima huo huo.

Mzigo, turubai na safari tupu

Kwa gari la kawaida, Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria kuwa kila kilo 45 za ziada hupunguza umbali kwa lita kwa kama asilimia moja, na athari huwa kubwa zaidi kwa gari dogo. Kirikuu yenyewe bila mzigo ina uzito wa kilo 700 hivi, kwa hiyo kila mfuko wa saruji unaoongezwa unahisiwa na injini.

Wenye magari huwa na jibu la haraka: afadhali kubeba kilo 700 kwa safari moja kuliko kilo 350 kwa safari mbili. Ukihesabu mafuta pekee, jibu hilo ni sahihi. Ukiongeza springi zilizovunjika, klachi iliyoungua, tairi iliyopasuka na breki zisizoweza kusimamisha uzito maradufu, hesabu inageuka. Tairi moja iliyopasuka njiani inaweza kumeza akiba ya wiki nzima, achilia mbali maisha.

Palipo na akiba ya kweli ni kwenye safari tupu. Dereva anayepeleka viazi Tegeta kisha akarudi Buguruni bila kitu amelipa mafuta ya njia mbili kwa mzigo wa njia moja. Kupanga safari, kujua nani ana mzigo wa kurudi na kuepuka kwenda mahali pamoja mara mbili kwa siku kunaokoa kuliko mbinu nyingi za fundi.

Namna ya kupanga mzigo nayo ina uzito wake. Mzigo unaozidi kimo cha kichwa cha gari hugeuka ukuta unaopambana na upepo, hasa nje ya mji. Turubai lililolegea na kupepea ni breki isiyoonekana. Keria ambayo haitumiki ni bora iondolewe.

Wapo pia wenye pikapu wanaoamini kuwa kuteremsha mlango wa nyuma wa bodi hupitisha upepo na kupunguza mafuta. Haisaidii. Mlango ukiwa umefungwa, hewa huzunguka ndani ya bodi na kufanya kama mto, na upepo wa juu huteleza juu yake. Fungeni mlango huo, mzigo usije ukaanguka.

Barabara kuu na bei ya haraka

Gari linapotoka mjini, adui hubadilika. Kwenye foleni mafuta yanamalizwa na breki. Kwenye barabara kuu yanamalizwa na hewa. Ukinzani wa hewa nao huongezeka kwa mraba wa kasi. Kutoka kilometa 80 hadi 100 kwa saa, ukinzani huo hupanda kwa asilimia 56.

Kirikuu, yenye uso ulio wima kama kabati na injini ndogo, huumia zaidi katika mwendo huo. Injini hulia, mafuta hushuka, na gari jepesi huyumbishwa na kila basi linalopishana nalo.

Faida inayopatikana ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ni kama kilometa 190. Tofauti kati ya kwenda kwa mwendo wa 80 na wa 100 njia nzima haifiki nusu saa, na hiyo ni kwa barabara isiyo na malori, matuta, wala vijiji.

Barabara halisi ina Kibaha, Mlandizi, Chalinze na vibao vingi vya kilometa 50 kwa saa. Anayekimbilia kibao kwa kasi ya 100 hulazimika kufunga breki ghafla pindi anapomwona askari mwenye tochi, kisha kukanyaga upya baada ya kijiji. Anayeondoa mguu mapema huingia kijijini kwa mwendo halali bila kugusa breki, bila faini, na akiwa ametumia mafuta pungufu.

Injini inayonguruma bure

Pita Mtaa wa Kongo, Kariakoo, saa za asubuhi na utaona magari yanayosubiri mzigo huku injini zikiwaka. Gari lililosimama linakwenda kilometa sifuri kwa lita, na hakuna matumizi mabaya kuzidi hayo.

Kulingana na ukubwa wa injini na kama kiyoyozi kinafanya kazi, gari la kawaida lililosimama huchoma kati ya lita moja na mbili kwa saa. Injini ya kirikuu huchoma pungufu ya hapo, lakini dakika tano hapa na kumi pale kwa siku nzima hujumlika.

Kuwasha injini yenye moto hutumia mafuta sawa na ya kuiacha ikiwaka kwa sekunde kumi hivi. Kwa hiyo, unaposubiri mzigo upakiwe, zima. Kwenye foleni au taa usizime ovyo, hasa kama betri au stata ya gari lako ina matatizo.

Desturi ya kupasha injini moto kwa dakika kumi asubuhi nayo haina nafasi katika joto la Pwani. Nusu dakika inatosha kwa oili kufika inakotakiwa, kisha ondoka taratibu kwa kilometa chache za mwanzo.

Gari lenye kasoro

Hakuna mguu mwepesi utakaoshinda gari bovu. Kwenye magari yanayoongozwa na kompyuta, sensa ya oksijeni iliyoharibika inaweza kupunguza umbali kwa lita kwa hadi asilimia 40. Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, kuiziba kwa karatasi au kuchomoa balbu, kama wafanyavyo baadhi ya wauzaji, ni kujificha deni linaloendelea kukua.

Upepo wa tairi una athari ndogo zaidi, kama asilimia 0.2 kwa kila alama moja ya geji inayopungua kwenye tairi zote nne. Lakini tairi laini iliyobeba mzigo hupata joto na kupasuka, kwa hiyo ipimwe kila wiki, asubuhi, kabla gari halijatembea. Kiwango sahihi huandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva.

Kuna kipimo kingine kisichohitaji fundi. Baada ya safari, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Rimu moja ikiwa na joto kali kuliko nyingine, huenda breki ya gurudumu hilo imeng'ang'ania, na gari linaburuta nanga siku nzima.

Pima mwenyewe

Dereva wengi hununua mafuta ya Sh5,000 kwa Sh5,000, kila fedha inapopatikana. Tabia hiyo inaeleweka kwa mtu anayetegemea mapato ya siku, lakini ina madhara mawili. Pampu ya mafuta iliyomo ndani ya tanki hupozwa na mafuta yenyewe, hivyo kuendesha tanki likiwa karibu tupu kila siku huifupishia maisha. Pia, dereva hawezi kujua gari lake linakula kiasi gani.

Kipimo sahihi ni rahisi. Jaza tanki hadi pampu ikate yenyewe, na uandike namba ya kilometa. Fanya kazi kama kawaida kwa siku tatu au nne. Rudi kituo kile kile, jaza tena hadi pampu ikate, kisha gawa kilometa ulizotembea kwa lita zilizoingia. Jibu ndilo umbali ambao gari lako linakwenda kwa lita moja.

Baada ya hapo, jaribu jambo moja kwa wiki moja: usizidi kilometa 40 kwa saa kati ya kusimama kumoja na kwingine mjini, na uondoe mguu kwenye eksileta mapema kila uonapo taa nyekundu. Usibadilishe kitu kingine. Pima tena kwa njia ile ile na ulinganishe namba mbili.

Wamiliki nao wana sehemu yao. Hesabu inapowekwa juu mno, dereva hulazimika kukimbizana na muda, kuzidisha mzigo na kuahirisha matengenezo, na mwisho wa yote gari la mmiliki ndilo linalochakaa. Mmiliki anayempa dereva muda wa kutosha kwa kila safari, na kukubali kulipia chujio, plagi na pedi za breki kwa wakati, analinda mtaji wake.

EWURA itatangaza bei nyingine Jumatano ya kwanza ya mwezi ujao. Ikipanda, dereva mwenye daftari la kilometa na lita atajua ni shilingi ngapi zimeongezeka kwa kila safari, na ataweza kumwonesha mteja hesabu hiyo anapodai nauli mpya ya mzigo. Ikishuka, nafuu yote itabaki kwake.